Mdundo Uliodumu Wiki Tano: Uchambuzi wa Kisa cha Fibrilesheni ya Atiria na Afya ya Umetaboli

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia kliniki, na vipimo vyake vimepangwa ili hesabu ziweze kufuatwa hatua kwa hatua. Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 52, kilo 108, urefu mita 1.74, kiuno sentimita 118. Alipigwa mshtuko wa umeme kurudisha mdundo wa moyo na mdundo ukarudi vizuri. Baada ya wiki tano, fibrilesheni ya atiria, yaani chemba za juu za moyo kutetemeka bila mpangilio badala ya kupiga sawasawa, ilikuwa imerejea kana kwamba hakuna kilichofanyika. Swali ni kwa nini, na jibu lake kubwa halikuwa ndani ya moyo.

Miaka miwili kabla

Tuanze na karatasi ya zamani, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeandikwa hapo. Presha 148/92. Sukari ya kufunga 5.9 mmol/L. Trigliseridi, aina ya mafuta ya kwenye damu, 2.6. Lehemu ya HDL, ile "nzuri", 0.9. Kiuno hakikupimwa, lakini kwa uzito aliokuwa nao wakati huo ni vigumu kuamini kwamba kilikuwa chini ya sentimita 102. Aliambiwa ana presha tu, sukari iko sawa, apunguze chumvi. Akapewa haidroklorotiazaidi miligramu 25 na atenololi miligramu 50.

Mkusanyiko wa kasoro za umetaboli, yaani za jinsi mwili unavyotumia chakula na nishati, una vigezo vitano: kiuno kikubwa, trigliseridi kuanzia 1.7 mmol/L, HDL chini ya 1.0 kwa mwanaume au 1.3 kwa mwanamke, presha kuanzia 130/85, na sukari ya kufunga kuanzia 5.6. Vitatu vinatosha kuupa jina. Huyu alikuwa na vinne kwenye karatasi, na cha tano kilikuwa kinaonekana kwa macho. Tatizo ni kwamba kila namba ilisomwa peke yake. Sukari ya 5.9 ikitazamwa kwa kigezo cha kisukari, ambacho ni 7.0, haisemi kitu. Ikiwekwa pembeni ya trigliseridi 2.6 na kitambi, inasema kongosho linamwaga insulini nyingi kuliko kawaida ili tu kuishikilia sukari hapo ilipo. Kipindi hicho cha ukinzani wa insulini, yaani mwili kutoitikia insulini ipasavyo, ambapo sukari bado "iko sawa", ndicho ambacho misuli ya atiria huanza kubadilika.

Dawa nazo hazikuwa chaguo zuri kwa mwili huu. Tiazaidi, kundi la dawa za kukojoza lenye haidroklorotiazaidi, hushusha potasiamu na magnesiamu na huweza kupandisha sukari kidogo. Atenololi inaweza kuongeza uzito kidogo na kufanya insulini ifanye kazi kwa shida zaidi. Zote ni dawa halali za presha. Ila kwa mtu anayeelekea kwenye kisukari na mwenye moyo ulio tayari kuyumba, kuzichanganya ni kumwongezea mzigo pale pale alipoelemewa.

Mapigo ya usiku

Miezi kumi na minne baadaye alianza kushtuka usingizini, moyo ukienda mbio bila mpangilio. Kipimo cha ECG, kinachochora umeme wa moyo, kilichofanywa mchana kilikuwa safi, akaambiwa ni wasiwasi. Hili ni kosa la kawaida sana: ECG ya sekunde 10 inaona sekunde 10 tu. Fibrilesheni inayokuja na kuondoka inahitaji kifaa cha kuvaliwa kwa siku kadhaa, na ili ugonjwa uthibitishwe inatakiwa kuonekana kwenye mstari wa ECG kwa angalau sekunde 30.

Alipovalishwa kifaa kwa siku 7, vikaonekana vipindi sita, jumla saa 23 kati ya 168, yaani takriban asilimia 14 ya muda wote. Vitano kati ya sita vilianza kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri. Saa hizo zingetosha kuuliza kuhusu kukoroma. Hakuna aliyeuliza.

Miezi miwili baadaye, usiku mmoja baada ya kunywa sana, mdundo ulivurugika na haukurudi. Ulipopita siku 7 ukahesabiwa kuwa wa kudumu, yaani usiojiondokea wenyewe. Akaanzishiwa apiksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 5 mara mbili kwa siku. Wiki tatu kamili baadaye, bila kukosa dozi, akapelekwa kwenye mshtuko. Wiki hizo tatu hazifupishwi hivi hivi: fibrilesheni ikizidi saa 48 (saa 24 kwa miongozo ya Ulaya ya 2024) au ikiwa haijulikani ilianza lini, ama dawa inamezwa wiki tatu, ama kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kinachopitishwa kooni kihakikishe hakuna bonge la damu kwenye kifuko cha atiria ya kushoto.

Mshtuko wa kwanza wa juli 200, pedi zikiwa mbele na ubavuni, ulishindwa. Kifua kinene ni ukuta kwa umeme. Pedi zikahamishiwa mbele na mgongoni, ile ya mbele ikakandamizwa kwa kifaa kisichopitisha umeme, nguvu ikapandishwa hadi juli 360. Mdundo ukarudi. Kwa mgonjwa wa uzito huu ni afadhali kuanza na nguvu ya juu moja kwa moja. Kupanda kidogo kidogo humwongezea idadi ya mishtuko na muda wa usingizi wa dawa bila faida.

Wiki tano, fibrilesheni tena.

Kilichokuwa kinaendelea ndani ya atiria

Mafuta ya mwili hayakai chini ya ngozi na kwenye tumbo peke yake. Yapo pia yanayolala juu ya moyo wenyewe, na kati ya mafuta hayo na misuli ya moyo hakuna utando unaotenganisha. Mishipa midogo ya damu ni ile ile. Kwa mtu mwenye ukinzani wa insulini, mafuta hayo hunenepa na kugeuka tezi ya uchochezi: yanamwaga kemikali zinazoita seli za kinga na kuchochea kovu. Chembe za mafuta hupenya hata katikati ya nyuzi za misuli. Umeme uliokuwa ukipita kwenye njia iliyonyooka sasa unakutana na visiwa vya mafuta na kovu, unapinda, unachelewa, na mwisho unazunguka na kujirudia. Mzunguko huo ndio unaoiweka fibrilesheni hai.

Ndani ya seli kuna shida ya pili. Sukari na asidi za mafuta zikizidi, vimeng'enya vinavyosimamia kalisi hubaki vimewashwa. Kalisi inavuja kutoka kwenye ghala zake katikati ya mapigo, na kila mvujo unaweza kuwasha pigo la ziada. Mara nyingi mapigo hayo huanzia kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, na ndiyo maana wanaofanya utaratibu wa kuunguza njia za umeme huanza kwa kuizingira mishipa hiyo minne.

Kwa hiyo kovu na mafuta ni kuni, na kalisi inayovuja ni cheche. Presha ya juu inaitanua atiria. Kukosa pumzi usingizini kunaivuta kutoka nje, kwa sababu mtu akivuta hewa dhidi ya koo lililoziba, kifua kinatengeneza mvuto mkali unaozinyoosha kuta zake nyembamba mamia ya mara kwa usiku, huku oksijeni ikishuka na homoni za mshtuko zikipanda. Mshtuko wa umeme unazima moto uliopo. Kuni na cheche hauzigusi.

Takwimu za Framingham, utafiti wa miaka mingi wa afya ya moyo nchini Marekani, zilizochapishwa mwaka 2004 zilionyesha kwamba unene uliokithiri unaambatana na hatari ya fibrilesheni iliyo juu kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya uhusiano huo ilielezwa na ukubwa wa atiria ya kushoto. Hapo ndipo kwenye mtego uliomnasa daktari wa kisa hiki.

Atiria "ya kawaida"

Ripoti ya eko ilisema ujazo wa atiria ya kushoto ni mililita 33 kwa kila mita ya mraba ya mwili, na kikomo cha kawaida ni 34. Ikaandikwa: saizi ya kawaida. Lakini ujazo wenyewe, kabla ya kugawanywa, ulikuwa mililita 76. Mwili wa kilo 108 na urefu huu una eneo la takriban mita za mraba 2.28, hivyo 76 gawanya kwa 2.28 ni 33. Mchukue sasa mtu wa urefu uo huo mwenye kilo 75: eneo lake ni takriban 1.90, na atiria ile ile ingesomeka 40, yaani imetanuka waziwazi.

Atiria haikupungua. Kitambi kiliongeza kigawanyo. Kwa mgonjwa mnene, soma ujazo mzima na uupime dhidi ya urefu wake, si eneo la mwili tu, la sivyo unene unajificha nyuma ya hesabu yake wenyewe.

Uchunguzi wa mara ya pili

Safari hii vilitafutwa vichochezi. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache, ilikuwa asilimia 6.2, sukari ya kufunga 6.4. Potasiamu 3.4 mmol/L, magnesiamu 0.64, zote chini. Homoni ya TSH, inayoiamrisha tezi ya thairoidi, 2.1, kwa hiyo thairoidi haikuhusika. Kipimo hiki kisirukwe kamwe, maana thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi huleta fibrilesheni hata kwa mtu mwembamba. Figo nzima. Presha ilipimwa upya kwa mkanda mpana unaolingana na mkono wake, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ukweli. Hata hivyo ikabaki 144/90.

Kipimo cha usingizi kilihesabu vipindi 34 kwa saa vya kukosa au kupungua hewa. Kuanzia 30 ni hali kali. Alipoulizwa kama husinzia mchana, alisema hapana. Wagonjwa wengi wa fibrilesheni hujibu hivyo, kwa hiyo dodoso la kusinzia halifai kuwa mlango wa kuamua nani apimwe. Kukoroma, shingo nene, presha isiyoshuka na mapigo ya usiku vinatosha.

Pombe: takriban gramu 140 kwa wiki, karibu zote ndani ya siku mbili. Kunywa kwa mkupuo namna hiyo ni kichochezi kinachojulikana. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2020 liliwagawa wanywaji 140 wenye fibrilesheni kwa kura. Katika miezi 6 ugonjwa uliwarudia asilimia 53 ya walioambiwa waache pombe na asilimia 73 ya walioendelea.

Mpango, na mahali ulipoharibikia

Tiazaidi na atenololi zilisimamishwa. Badala yake telmisartani miligramu 80 na amlodipini miligramu 5 za presha, na bisoprololi miligramu 2.5 ya kuzuia mapigo yasikimbie. Potasiamu ilirudishwa juu ya 4.0 na magnesiamu juu ya 0.8. Mashine ya CPAP, inayosukuma hewa ili koo lisizibe usingizini, ilianzishwa. Hapa yafaa kusema kweli: tafiti za ufuatiliaji zilionyesha fibrilesheni huwarudia zaidi wasiotibiwa usingizi, lakini majaribio ya kura bado hayajathibitisha wazi kwamba mashine peke yake hupunguza fibrilesheni. Kwa mtu wa vipindi 34 kwa saa na presha ngumu, sababu za kumtibu zipo hata bila hilo.

Lengo la uzito lilikuwa asilimia 10, yaani kutoka 108 hadi 97. Namba hiyo inatoka kwenye utafiti wa LEGACY wa Adelaide, Australia, mwaka 2015: waliopunguza asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano mara sita wa kuishi bila fibrilesheni kuliko wengine, na wale ambao uzito wao ulipanda na kushuka kwa zaidi ya asilimia 5 walipoteza sehemu ya faida. Haukuwa utafiti wa kura, na watu wanaoweza kupunguza uzito na kuushikilia huenda wanatofautiana na wengine kwa mengi. Hata hivyo jaribio la kura la timu hiyo hiyo mwaka 2013 lilielekea upande huo huo, na miongozo ya Marekani ya 2023 na ya Ulaya ya 2024 imeikubali asilimia 10.

Njia iliyopangwa ilikuwa kupunguza kilokalori 500 hadi 600 kwa siku, protini ya kutosha, vinywaji vya sukari viishe kabisa, na pombe isizidi gramu 30 kwa wiki. Kutembea dakika 20 mara tatu kwa wiki, kuongeza dakika 5 kila wiki hadi kufikia 210 kwa wiki, na siku mbili za mazoezi ya nguvu.

Mwezi wa tatu alirudi na kizunguzungu. Kilo 6 zilikuwa zimeondoka ndani ya wiki tatu. Potasiamu 3.1, magnesiamu 0.58, QT iliyorekebishwa (muda kwenye ECG wa chemba za chini kusisimka na kutulia tena, ambao ukirefuka ni hatari) milisekunde 492 ikiwa wastani wa mapigo kumi, kwa sababu katika fibrilesheni QT ya pigo moja haina maana. Alikuwa ameacha chakula kigumu na kuishi kwa kinywaji cha protini, takriban kilokalori 600 kwa siku.

Maelezo rahisi yangekuwa njaa, na njaa ina sehemu yake. Insulini ikishuka ghafla figo humwaga chumvi na maji, glikojeni, yaani akiba ya sukari mwilini, ikiisha maji yake huondoka nayo, na mwili unapojitahidi kubakiza chumvi unatupa potasiamu. Lakini 3.1 ilikuwa chini mno. Alipoulizwa kila kidonge anachomeza, ikajulikana kwamba amlodipini ilimvimbisha vifundo vya miguu, naye akarudia vidonge vya tiazaidi vilivyobaki nyumbani ili kuondoa maji. Njaa na tiazaidi kwa pamoja zikaikausha potasiamu.

Hili si jambo dogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchini Marekani, milo ya protini ya maji ilihusishwa na vifo vya ghafla vya watu waliokuwa wakipunguza uzito, wengine wakiwa na QT ndefu na mdundo hatari wa chemba za chini. Moyo unaopungua uzito kwa kasi ni moyo unaohitaji kupimwa damu. Vidonge vilivyobaki vilirudishwa vyote, amlodipini ikashushwa hadi miligramu 2.5, potasiamu na magnesiamu zikajazwa, mlo ukarudi kwenye kilokalori zilizopangwa. Siku 9 baadaye QT ilikuwa 448.

Mwezi wa tano ilianzishwa semaglutaidi ya sindano, dawa ya kupunguza uzito: miligramu 0.25 kwa wiki kwa wiki nne, kisha 0.5, kisha 1, kila hatua wiki nne, ikasimamishwa kwenye 1.7 kwa sababu uzito ulikuwa unashuka vya kutosha. Dawa za kundi hili hupandisha mapigo ya moyo kidogo, kwa kawaida mapigo machache kwa dakika, na si dalili kwamba fibrilesheni imezidi. Kinachoangaliwa zaidi ni kutapika, kwa sababu kutapika kunarudisha shida ile ile ya potasiamu kwa mlango mwingine. Dawa za kundi la dapaglifolozini, zinazotoa sukari kwa mkojo, zilifikiriwa pia. Katika uchambuzi wa jaribio la dapaglifolozini liitwalo DECLARE-TIMI 58 ziliambatana na fibrilesheni pungufu kwa wenye kisukari. Lakini huyu hakuwa bado na kisukari, figo zake na nguvu ya moyo zilikuwa nzima, kwa hiyo hazikuanzishwa. Mgonjwa anayezitumia huzisimamisha angalau siku 3 kabla ya utaratibu wowote wa kufunga kula, kuepuka asidi ya ketoni inayoweza kuja hata sukari ikiwa ya kawaida.

Mwezi wa saba, kilo 99.5, CPAP ikivaliwa zaidi ya saa 5 kwa usiku, alipigwa mshtuko wa pili. Juli 360, pedi mbele na mgongoni tangu mwanzo, mara moja tu.

Je, miezi saba haikuwa mingi mno? Ndiyo, pengine. Jaribio la EAST-AFNET 4 la mwaka 2020 lilionyesha kwamba kuudhibiti mdundo mapema, ndani ya mwaka mmoja tangu ugonjwa ugunduliwe, hupunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 21. Kumwambia mgonjwa "punguza uzito kwanza, ndipo tutakutibu" ni kumwadhibu. Kilichotakiwa ni mambo mawili kwenda sambamba, na kuunguza njia za umeme kungeweza kujadiliwa mwezi wa pili. Kuchelewa huku ndiko udhaifu mkubwa wa kisa kizima.

Miezi kumi na miwili

Kilo 94.5, yaani pungufu ya asilimia 12.5. Kiuno 103. Presha 124/78. HbA1c asilimia 5.7, trigliseridi 1.4. Kifaa cha siku 7 kilionyesha kipindi kimoja cha dakika 40, kikianza usiku ambao mashine ya CPAP haikuvaliwa. Eko: mililita 66.

Mgonjwa aliuliza kama sasa aache apiksabani. Wengi huiacha hapa, wakidhani mdundo mzuri umemaliza kazi. Baada ya mshtuko, dawa ni lazima kwa wiki nne zisizopungua, kwa sababu atiria hubaki imezubaa hata ikiwa mdundo umerudi. Baada ya hapo uamuzi hutegemea alama za hatari ya kiharusi, si mdundo. Kwa mfumo wa CHA2DS2-VA alikuwa na alama 1, ya presha, ambapo dawa inafaa kufikiriwa. Akifikia 2 inapendekezwa moja kwa moja. Sukari ya kabla ya kisukari haihesabiwi hata kidogo. Kama HbA1c yake ingevuka 6.5 na kuthibitishwa kwa kipimo cha pili, angepata alama ya 2 bila moyo wenyewe kubadilika chochote. Aliamua kuendelea, dozi kamili ya miligramu 5 mara mbili, maana hakuna kigezo cha kuipunguza: hajafika miaka 80, hana kilo 60 au chini yake, na kreatinini yake, kipimo cha kazi ya figo, haijafika mikromoli 133 kwa lita.

Ratiba iliyowekwa: potasiamu, magnesiamu na kreatinini kila miezi 3 maadamu semaglutaidi inaendelea, HbA1c kila miezi 6, kifaa cha siku 7 kila mwaka au mara moja mapigo yakirudi. Uzito ukivuka kilo 97, ziara inasogezwa mbele bila kusubiri dalili.